Ndege wa Kinangop Anaomba Nyasi, Si Miti

Ukitoka Nairobi kuelekea Naivasha, ukafika Flyover, na badala ya kufuata barabara kuu ukakata kulia kupanda Njabini, baridi inakupokea kabla hujawahi kufunga dirisha. Umeingia Kinangop. Huu ni uwanda ulioinuka mita 2,400 na zaidi juu ya usawa wa bahari; mashariki umeegemea milima ya Nyandarua, magharibi unakatika ghafla na kuporomoka hadi Bonde la Ufa. Mwezi wa Julai watu hushinda na makoti mchana kutwa, na usiku mbingu zikiwa wazi, mkulima huamka akakuta shamba zima la viazi limeunguzwa na sakitu.

Katikati ya mashamba hayo, pale palipobaki nyasi, anaishi ndege mdogo asiyepatikana katika nchi nyingine yoyote duniani. Hayuko Tanzania, hayuko Uganda wala Ethiopia. Ni wa Kenya peke yake, na hata humu Kenya yuko kwenye nyasi za nyanda za juu tu: Kinangop, sehemu za Molo na Mau Narok, kandokando ya Mlima Kenya, na huko magharibi kuelekea Uasin Gishu na Elgon. Ngome yake kuu ni Kinangop. Wataalamu humwita Macronyx sharpei. Hapa tumwite kucha-ndefu wa Sharpe, kwa sababu kidole chake cha nyuma kina ukucha mrefu ajabu, kama walivyo ndugu zake wote wa ukoo huo.

Hana makuu. Urefu wake ni sentimita 16 au 17. Mgongo una rangi ya majani makavu yenye michirizi myeusi, hivyo akikupa kisogo unaweza kumpita hatua mbili tu usimwone. Akigeuka ndipo unashtuka: kuanzia kooni hadi tumboni ni manjano tupu, na kifuani ana michirizi michache. Maisha yake yote ni ya chini. Hutembea na kukimbia kati ya nyasi akitafuta panzi na mbawakawa, na ukimkaribia mno huruka umbali mfupi, akionyesha weupe wa manyoya ya pembeni mwa mkia, kisha anatua na kupotea tena. Mara nyingi huwa na mwenzake, dume na jike, au na watoto wao. Hahami. Msimu wa mvua yuko, kiangazi yuko, baridi ya Julai yuko.

Jina lake lina kisa kidogo. Frederick Jackson, ofisa Mwingereza ambaye baadaye alikuwa gavana wa Uganda, ndiye aliyemwandika ndege huyu mwaka 1904 akampa jina la Richard Bowdler Sharpe, mtunzaji wa ndege katika jumba la makumbusho la London. Sharpe naye alikuwa ameshamtangulia kwa hisani: mwaka 1891 alimpa jina la Jackson ndege mwingine wa nyasi hizi hizi, yule mweusi mwenye mkia mrefu uliopinda ambaye dume lake, mvua zikinyesha, hurukaruka palepale kwenye nyasi ili jike limwone. Waungwana wawili walizawadiana ndege wetu, na mwenyeji hakuulizwa. Basi hilo limepita. Linalotuhusu leo ni kwamba kucha-ndefu ameorodheshwa na IUCN, umoja wa kimataifa wa uhifadhi, miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka, na uamuzi wa kubaki au kwenda kwake hauko London, wala Nairobi haswa. Uko kwa wenye mashamba ya ekari mbili, tatu, tano, kutoka Magumu hadi Ol Kalou.

Nieleze kwa nini, maana hapa ndipo wengi tunapokosea.

Tumezoea kufikiri kwamba mnyama akiwa hatarini, dawa ni ua na askari. Milima ya Nyandarua imezungushiwa ua wa umeme wa kilomita zipatazo 400, kazi iliyokamilika mwaka 2009 baada ya miaka ishirini ya jasho na michango, na ni kazi ya kupigiwa makofi. Ndovu wako ndani, bongo yuko ndani, msitu uko ndani. Lakini sehemu kubwa ya makao ya kucha-ndefu iko nje ya ua huo, upande wa pili, kwenye ardhi yenye hatimiliki. Hakuna askari wa wanyamapori atakayekuja kukuzuia usilime shamba la baba yako. Na asije. Ardhi ile ilipatikana kwa taabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, walowezi walipoanza kuuza mashamba yao, familia zilizokuwa hazina hata pa kuzika ziligawiwa vipande Kinangop kwa mkopo, zikakaa miaka zikilipa. Mtu wa mjini asiyewahi kuamka saa kumi alfajiri kukamua ng'ombe kwenye baridi ile hana mdomo wa kumfundisha mwenye shamba namna ya kutumia shamba lake.

Kwa muda mrefu, bila mtu kupanga, wakulima hao na ndege huyu waliishi pamoja vizuri. Kila boma lilikuwa na ng'ombe wa maziwa na kondoo wa sufu, na kando kulikuwa na shamba la pareto. Mifugo ilikula nyasi zikabaki fupi. Vile vishungi vigumu vya nyasi ambavyo ng'ombe huvikwepa vilibaki vimesimama hapa na pale. Hayo mawili, nyasi fupi na vishungi, ndiyo nyumba nzima ya kucha-ndefu. Kwenye nyasi fupi anakimbia na kuwinda wadudu. Kwenye kishungi anajenga tago lake, chini kabisa karibu na mizizi, na humo hutaga mayai mawili au matatu. Ondoa kimoja na kingine hakina faida. Nyasi zikiwa ndefu kote hawezi kutembea; zikiwa fupi kote bila kishungi hata kimoja, hana pa kuficha kinda.

Kisha mambo yakabadilika. Pareto ilianguka, malipo ya maziwa yakayumba, na watoto wakawa wengi. Kipande cha babu cha ekari ishirini kimegawiwa wana, wana wakagawia wajukuu, na mwenye ekari moja na nusu hawezi kuiacha ikae nyasi huku karo ya shule ya sekondari inamsubiri Januari. Viazi hukomaa kwa miezi mitatu au minne na lori la mnunuzi hufika hadi langoni. Kwa hiyo trekta linaitwa. Anayebaki na ng'ombe humfungia bandani akamletea majani, na ile sehemu iliyokuwa malisho inapandwa mikaratusi kwa ajili ya nguzo na kuni. Wengine, kwa nia njema kabisa, hung'oa vishungi ili malisho "yawe safi". Kila familia imefanya jambo la busara kwa upande wake. Jumla yake ni kwamba nyasi zimekatwakatwa viraka, kiraka hapa na kiraka kule, na ndege huyu si msafiri. Kiraka kikilimwa hapandi angani kutafuta kingine Molo. Anakwisha palepale.

Ndiyo maana wito wangu hauanzi na lawama. Unaanza na ombi dogo kwa mwenye shamba, kisha unageuka kwa sisi wengine, ambao kwa kweli ndio wenye deni kubwa zaidi.

Baba, mama, ndugu uliye Njabini, Murungaru, Ndunyu Njeru au Injinia: huombwi kuacha viazi. Unaombwa kuacha kipande. Kama una ekari tano, nusu ekari ikae nyasi daima. Kama una moja, acha ule ukingo wa kando ya ua na ule upande wenye maji ambao hata viazi huozea. Mfunge ng'ombe hapo kwa kamba, umhamishie kigingi kila siku kama ulivyokuwa ukifanya zamani, umwache ale hadi nyasi zifupike, na vishungi usiving'oe wala kuvichoma moto. Kama wewe na jirani yako mmepakana, acheni nyasi upande ule mnaokutana, ili viraka viwili viwe kimoja. Kucha-ndefu hadai mbolea, hali viazi wala mbegu yako. Anachokula ni panzi na mbawakawa, ambao hakuna mkulima atakayewalilia.

Najua litaulizwa swali: nusu ekari ya nyasi inanilipa nini? Ni swali halali, na jibu lake haliwezi kuwa "sifa". Lazima liwe pesa. Hapa ndipo tunapoingia sisi tunaokaa mbali.

Pale Njabini, kikundi cha wenyeji kinachojiita Marafiki wa Uwanda wa Kinangop kilifikiria jambo hili kwa akili ya kibiashara. Walijiambia: ndege anataka nyasi fupi, nyasi fupi zinataka kondoo, kondoo ana sufu, basi tuipe sufu bei. Wakaanza kununua sufu ya wafugaji, kuisafisha, kuisokota na kuifuma mazulia na mapambo ya ukutani. Ukimwona fundi wa sufu akifanya kazi utaelewa ni jasho la aina gani. Sufu mbichi hufika ikiwa na mafuta, matope na miiba. Huoshwa, huchambuliwa kwa mkono, huchanwa kwa brashi za meno ya chuma hadi iwe laini, kisha huketi mtu kwenye gurudumu la kusokotea na kuivuta taratibu ikawa uzi. Zulia moja ni siku nyingi za kazi. Lakini kila zulia linalouzwa linampa mfugaji sababu ya kubaki na kondoo, na kondoo anabaki na nyasi. Shirika la Nature Kenya nalo limenunua vipande vya ardhi huko Kinangop vikawa hifadhi ndogo za nyasi. Hayo yote ni mema. Hata hivyo hakuna shirika litakalonunua Kinangop yote, wala si haki linunue.

Basi mnunuzi, wewe unayesimamisha gari Soko Mjinga kununua viazi na karoti ukirudi nyumbani, angalia pia ile meza ya ngozi za kondoo na kofia za manyoya. Usipite. Ukihitaji zulia la sebuleni, kabla ya kununua la plastiki lililotoka ng'ambo, ulizia la sufu ya Nyandarua. Wenye hoteli za Naivasha na Nairobi, mnaonunua mazulia kwa makumi: mkataba mmoja wenu ungefanya kazi kubwa kuliko semina kumi. Na sisi tunaokunywa chai asubuhi tukumbuke kwamba maziwa ya ng'ombe aliyelishwa malishoni, yakilipwa vizuri na kwa wakati, ni ulinzi mkubwa wa ndege kuliko bango lolote la barabarani. Vyama vya ushirika vya maziwa vikimlipa mkulima baada ya miezi miwili, yeye atapanda viazi, nami sitamshangaa.

Kuna pia deni la maji. Bwawa la Sasumua liko hapo hapo karibu na Njabini, na maji yake yanashuka kwa mabomba hadi Nairobi. Mto Malewa unakusanya maji ya Nyandarua ukayapeleka Ziwa Naivasha, kwenye mashamba ya maua yanayouza Ulaya. Nyasi zina mizizi mingi iliyosongamana. Mvua kubwa ikinyesha juu yake maji huingia ardhini polepole na udongo hubaki mahali pake. Mvua hiyo hiyo ikinyesha kwenye mteremko uliolimwa juzi kwa ajili ya viazi, udongo mweusi wa Kinangop unaishia mtoni na bwawani, na anayelipa gharama ya kuusafisha ni mlipa bili wa mjini. Watumiaji maji wa Naivasha walishawahi kulitambua hilo, wakaingia kwenye mpango wa kuwalipa wakulima wa juu wanaopanda nyasi za kuzuia mmomonyoko na kulinda kingo za mito. Walilipa kwa vocha za pembejeo. Kama jambo hilo liliwezekana kwa ajili ya maua, linawezekana kwa ajili ya mfereji wa jikoni. Serikali ya Kaunti ya Nyandarua na wenzao wa maji wa Nairobi waketi meza moja wapange malipo kama hayo kwa kila anayeacha nyasi za kudumu juu ya Sasumua. Wawakilishi wa wadi watakaosoma haya, bajeti inajadiliwa kila mwaka. Hoja hii haihitaji sheria mpya kutoka Bungeni.

Sasa neno gumu kidogo, na ninalisema kwa heshima. Kenya imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa sikukuu ya taifa ili kila mtu apande mti. Ni jambo zuri, na mahali pengi misitu iliyofyekwa inastahili kurudishwa. Lakini tumejenga mazoea ya kuona nyasi na kusema "hapa ni patupu". Vijana wa shule, kanisa, chama cha akina mama, kampuni yenye fulana za kijani, wote hutafuta uwanja mtupu wa kupanda miche, na uwanja mtupu wanaouona Kinangop ni malisho ya kucha-ndefu. Mkaratusi ukikua pale, nyasi chini yake hufa, maji hunywewa, na ndege wa chini hana haja na kivuli. Kumpandia mti ndege wa nyasi ni kumfukuza kwa heshima.

Kwa hiyo mnaopanga siku za kupanda miti: pandeni palipokuwa na msitu. Ndani ya ua, kwenye mapengo yaliyokatwa, kandokando ya nyumba, kuzunguka shule, kwenye kingo za mito kwa miti ya asili. Kwenye nyasi za uwanda, waulizeni kwanza wenyeji wanaowajua ndege wao. Na kama mna hamu ya kupanda kitu lazima, pandeni upya nyasi mahali zilipong'olewa. Haitapendeza kwenye picha kama mche mmoja ulioshikwa na mheshimiwa, lakini itakuwa kazi ya maana.

Walimu wa Kinangop nao wana nafasi yao. Mtoto wa darasa la sita pale anaweza kukuchorea simba na ndovu ambao hajawaona kamwe, ilhali kucha-ndefu anamwona kila siku akienda shule na hajui kwamba mwenzake wa London au Tokyo angelipa nauli ya ndege aje amwone. Watu hao kweli huja. Watazamaji wa ndege hutoka Ulaya na Marekani wakiwa na darubini na orodha zao, hupita Kinangop asubuhi moja, humwona kucha-ndefu, huweka alama, huondoka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Basi mwenyeji apone kweli. Vijana wa hapo wakijifunza ndege wao, ada ya kuongoza wageni ibaki Njabini, na mwenye shamba ambako ndege ameonekana apewe chake. Mgeni, usiingie shamba la mtu kwa sababu umeona manjano. Bisha hodi, salimia, lipa.

Na ninyi wakazi wa mjini mnaopenda ndege, au mnaodhani mngependa mkianza: kila Jumatano asubuhi kuna matembezi ya kutazama ndege yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, Nairobi, yakiandaliwa na Nature Kenya. Jiungeni. Mkishazoea, pandeni Kinangop, na kila mnachokiona kitieni kwenye mradi wa Ramani ya Ndege wa Kenya, ili pakiulizwa kiraka kipi bado kina kucha-ndefu, jibu liwepo kwa maandishi.

Nimewaacha mwisho wana wa Kinangop mliohamia Nairobi, Nakuru, Dubai au Boston, mliorithi kipande mkamkodishia mtu wa viazi kwa simu. Wengi wenu hamjui hata sasa kimelimwa kiasi gani. Ninyi hamtegemei shamba hilo kwa chakula cha leo. Ndio mnaoweza kuamua bila njaa. Mkataba ukiisha, andikeni kifungu kimoja tu kwenye mpya: sehemu fulani haitalimwa wala kupandwa miti, italishwa ng'ombe na kondoo, na kodi yake itapungua kwa kiasi hicho. Ni hasara ya magunia machache kwa mwaka.

Misimu ya mvua ikikaribia, matrekta hukodishwa kuanzia Magumu hadi Ol Kalou. Kabla hujampigia simu mwenye trekta, zunguka shamba lako na kijana wako, mwonyeshe mpaka wa kipande ambacho hakitaguswa, na mpige vigingi siku hiyo hiyo.